Namba Imepanda, Mtoto Naye

“Amepona! Namba si imepanda?” baba alimwambia mkewe, vumbi la karasha la kusagia mawe ya dhahabu bado likiwa kwenye viatu vyake. “Kuanzia leo hakuna dawa ya kuvuta.”

“Amepona huku anakohoa kila asubuhi?”

Nilikuwa nyuma yao kliniki ya pumu, Nyasubi, nimempeleka mdogo wangu. Binti yao wa miaka minane alikuwa ametoka kupuliza kile kibomba cha kupimia pumzi. Nesi hakubishana. Alimsimamisha binti ukutani penye kipimo cha urefu, akamwekea kidole kwenye paji la uso. “Baba, mwaka jana aliishia hapa. Amerefuka, na mapafu yamekua, ndiyo maana namba imepanda. Ila kwa urefu huu ilitakiwa ipande zaidi. Dawa bado anaihitaji.”

Mimi niliishia kidato cha pili. Mapafu niliyachora vizuri daftarini, lakini sikuwahi kujiuliza kama nayo huweza kuchelewa kukua. Kwetu gauni likiwa fupi, tunajua mtoto anaendelea vizuri.

Baba aliichukua dawa mezani, akamkabidhi mkewe. Mlangoni binti aligeuka.

“Nesi, nikiacha kurefuka kidogo, mapafu yatanifikia?”