Jani Nililomchagulia Babu

Tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto, kabla haijawashwa hunukia vizuri, na hilo nalisema mimi niliyeichukia. Jani lake la manjano, lile wanaloliita Virginia, lina harufu ya nyasi zilizokaushwa juani, na asali kidogo kwa mbali. Kwetu lilitoka upande wa Itigi, likashushwa Mkiwa pale njia panda, likauzwa kwenye meza zile zile za vitunguu na mayai ya kienyeji. Nyumbani kwetu ni mwendo wa nusu saa kutoka hapo. Kiangazi kile nilipokuwa darasa la nne, alizeti zimeshavunwa na upepo wa Singida unapeperusha hata masufuria, mimi ndiye niliyekuwa mchaguzi wa tumbaku ya babu.

Babu, baba yake mama, alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia. Mkono wa kulia ulilegea. Wa kushoto ulibaki na nguvu, lakini ulitetemeka na vidole vyake vilikuwa na ganzi. Zamani alivuta tumbaku ya kusokota, ile nyeusi inayouzwa kama kamba, ambayo lazima uikate kwa kisu na kuianika kabla ya kuijaza. Kwa mkono mmoja hiyo haiwezekani. Mama alimwambia basi huu ndio wakati wa kuacha. Akajibu kwamba ng'ombe ameshagawa, mizinga ya nyuki ameshagawa, aachiwe japo kiko. Ndipo akaligundua jani la mvuke, ambalo halitaki kisu. Unaliweka juu ya paja, unalisugua kwa kiganja mara tano sita, unajaza, unawasha. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango akaifanya kazi hiyo peke yake, na ole wake aliyejaribu kumsaidia. Kiganja kilichoweza kusugua jani, alisema, kitaweza na mengine. Akaanza tena kusokota kamba za kufungia ndama wa majirani juu ya paja lile lile.

Lakini si kila jani lilimfaa, na masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo akanifundisha mimi. "Mke wangu," aliniita hivyo kwa utani wa babu na mjukuu, "jani usilitazame tu. Lisikilize." Unalikunja karibu na sikio. Likivunjika kwa kelele, limekauka mno, litakuwa vumbi na kuziba kiko. Likinyamaza na kunata vidoleni, lina maji, halitawaka. Likinong'ona kisha likajikunjua lenyewe, hilo chukua. Nilijua pia kukwepa majani yenye mshipa mnene katikati, maana mshipa ule ungemlazimu kutafuta kisu. Niliiweza kazi hiyo hadi wauzaji wakanicheka, na babu alijisifu kwa majirani kwamba mjukuu wake ana sikio la kusikia tumbaku.

Shuleni sifa hiyo ilinigeukia. Kutoka Mkiwa nilibeba majani ndani ya mfuko wangu ule ule wa madaftari, na harufu ikaingia kwenye sare. Siku moja Zainabu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, aliinua vitu vyake mbele ya darasa zima akahamia nyuma, akisema hawezi kusoma karibu na kiko. Walicheka wote. Kuanzia hapo jina langu likawa Bibi Kiko. Ajabu ni kwamba sikumkasirikia Zainabu. Nilimkasirikia babu.

Jumamosi iliyofuata nilitumwa Mkiwa kama kawaida. Mama Hadija, muuzaji wetu, alikuwa ametenga fungu pembeni. Dumu la maji lilikuwa limepasuka juu yake. Nilimwamkia shikamoo, nikainama, nikachagua humo humo. Nilichagua kwa uangalifu kuliko siku zote. Nilikunja jani moja moja sikioni, na kila lililonyamaza nililiweka kwenye mfuko.

"We binti, hayo yana maji. Hayawaki," alisema Mama Hadija.

"Ndiyo aliyoagiza babu," nikamjibu, nikimtazama machoni.

Hasira hasara, lakini siku ile niliona faida tupu. Nilitaka ashindwe kuvuta siku mbili tatu, achukie, aache, nami nirudishiwe mwenzangu wa dawati. Sikuwaza zaidi ya hapo. Babu aliyapokea kwa furaha, akayatia kwenye kopo lenye mfuniko ili upepo usiyachukue, na kwa hiyo hayakukauka. Saa moja ya jua ingetosha kuyaponya. Nililijua hilo, nikanyamaza.

Kesho yake nilisimama mlangoni nikamwona akisugua. Jani likawa vidonge vidonge. Akajaza, akawasha, likazima. Njiti ya kiberiti ikamponyoka, akainama kuitafuta, akawasha nyingine. Nusu boksi iliisha hivyo. Nilingoja anigombeze kwa kumletea takataka, na nilikuwa nimeshaandaa uongo. Akanitazama, akatabasamu kwa aibu. "Jani ni zuri, umelichagua wewe," alisema. "Ni mikono hii. Imekufa."

Alijaribu asubuhi mbili zaidi. Ya nne hakutoka nje. Kiko alimpa mzee mwenzake, na kamba ya ndama aliyokuwa ameifikisha nusu akaiacha ikining'inia ukutani. Alianza kulishwa na mama, uji kwa kijiko, bila kubisha, yeye aliyekuwa mbishi wa kijiji kizima. Mwaka uliofuata, uwele ukiwa bado shambani, tulimzika. Mama alisema angalau Mungu alimwachisha tumbaku.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu methali hiyo haina fumbo. Mjukuu ni mimi. Sasa ninaishi Utemini, mjini Singida, ni mwalimu, na nawafundisha watoto kwamba tumbaku inaua. Ni kweli, nami sina haja ya kuitetea. Siku hizi vijana wetu hata kiko hawakijui. Wananunua sigara moja moja dukani na hakuna jani la kusikiliza. Mengi yamekuwa mepesi na mazuri kuliko zamani. Lakini sikumnyang'anya babu tumbaku. Nilimnyang'anya mikono, akafa akiamini ilimsaliti, kumbe msaliti alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea. Tukiwa jikoni, akaanza tena kumsimulia jirani yangu jinsi Mungu alivyomwachisha babu tumbaku. Jirani alipoondoka nikamweleza yote: fungu lililolowa, Mama Hadija, kopo. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Babu yako alikusikitikia mpaka mwisho," alisema. "Alisema mtoto ametembea hadi Mkiwa, amemchagulia jani zuri, naye kwa mikono yake mibovu ameliharibu. Aliniomba nimwombee msamaha kwako ukikua. Nikasahau."

Kisha akasogeza ungo upande wa dirisha ili aone vizuri mawe.