Nishikie Nafasi Yangu

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, miaka ile ya sitini, ndani ya sinema hapa hapa Mombasa. Wifi yangu Zuhura alikuwa nami. Yuko Bondeni, mkamuulize.

Siku hizo kulikuwa na zanana, shoo ya alasiri ya wanawake watupu. Mlango ukishakomewa kwa ndani, mwanamume haingii mpaka tutoke. Ikiwa picha ni ya Kihindi tulibanana hadi ngazini, lakini siku ile ilikuwa ya Kizungu, habari za miaka inayokuja, haina hata wimbo mmoja, basi tulikuwa wachache sana. Wenzetu waliidharau bure. Ilikuwa nzuri, tena ya kutisha: mji uliochimbwa chini ya ardhi, watu wamevaa nguo nyeupe zinazometa, kila mmoja na kiti chake mbele ya mashine yenye kioo, na haruhusiwi kuinuka. Mwanangu wa miezi mitatu nilikuwa nimemwacha kwa mama mkwe na nikaahidi sitakawia, lakini macho hayakubanduka.

Kando yangu alikuwapo bibi mmoja, buibui limemfunika mpaka usoni. Akaniinamia.

"Mwanangu, nishikie nafasi yangu. Naenda nje mara moja."

"Haya, bibi."

Wewe ungejibu nini? Tulikuwa tukishikiana nafasi kila mahali, harusini, maulidini. Alipoinuka niliona chini ya buibui nguo nyeupe inameta. Nikahamia kiti chake, asije mtu akakichukua.

Hapo baridi ikanipanda miguuni. Nataka kusogeza mguu, hausogei. Kwenye picha nikaona kiti kimoja kitupu, na wale watu wote wamegeuka wanakitazama. Kisha mashine yao ikasema. Kiingereza sikijui, niaminini, lakini nilifahamu kila neno: aliyekalia nafasi ya mwenzake, ni yake.

Picha ikaisha, taa zikawaka. Zuhura akajitanda buibui lake.

"Ndoo twende, mwana yuwalia huko."

"Siwezi kuinuka, Zuhura."

"Una nini weye? Wacha mzaha!"

Akanivuta mpaka akatoka jasho. Nilikuwa nalia. Maziwa yamenijaa kifuani yanauma, na niliona wazi kwamba mwanangu simnyonyeshi tena. Mama wa mlangoni akapiga kelele tufanye haraka, wanaume wako nje wanangoja shoo yao. Zuhura akamuuliza mama huyo, yule bibi wa kando yangu kaelekea wapi. Mama akaapa kwamba hakumfungulia mtu mlango tangu picha ianze.

Nikakumbuka kwamba maulidini, mtu akitoka huacha leso yake imshikie nafasi. Zuhura akatupa leso yake mapajani mwangu. Wapi! Si yeye aliyemwitikia yule bibi. Basi nikalifungua buibui langu, nikajichomoa ndani yake kidogo kidogo, likabaki limekaa kitini. Miguu ikawa yangu tena.

Tulitoka wawili ndani ya buibui la Zuhura, miguu minne, tukapita mbele ya foleni ya wanaume. Walivyotucheka! Mume wangu alizipata habari kabla sijafika nyumbani, akanuna mwezi mzima. Sikujali. Nilimnyakua mwanangu nikamnyonyesha pale pale nilipomkuta.

Kesho yake Zuhura alilifuata buibui langu sinema, hakulikuta. Siku chache baadaye jirani yetu akaenda kuitazama picha ile ile, akarudi akiisifu.

"Lakini Wazungu wana mambo," akasema. "Kwenye kiti kimoja wameweka buibui. Kwani wao hulivaa?"

Tangu hapo sijamshikia mtu nafasi, hata dada yangu wa tumbo moja, na wengi wameniona nina roho mbaya. Nawe ukiombwa, kataa, wakuseme watakavyo. Buibui langu lilikuwa kuukuu hata siku ile, limepauka, limetoboka kwapani. Nguo huchakaa. Sijui litanishikia nafasi mpaka lini.