Macho Mawili ya Mlango wa Gereji

Teksi ilikuwa inauzunguka mtaa kwa mara ya pili, dereva akinung'unika kwamba nyumba za huku zote ni pacha, mpangaji mpya alipomwona mzee mmoja amepiga magoti ndani ya gereji iliyo wazi, shavu karibu na sakafu, anapapasa ukuta kama aliyeangusha sindano.

"Ndipo hapo," akasema dereva. "Yule ndiye Mzee Rimoti. Milango yote ya umeme mtaani kaiweka yeye."

Mpangaji alikuwa mfasiri, mwanamke wa kuhamahama na begi moja. Chumba cha uani alikikodi kwa simu bila kukiona. Alitegemea kukabidhiwa ufunguo, akakabidhiwa uzi.

"Karibu, mwanangu. Tua begi. Ncha hii kaifunge kwenye jicho la kule. Maji utakunywa baadaye."

Macho ya mlango ni vidude viwili, kila kimoja kadiri ya kiberiti, huku kimoja na kule kimoja, usawa wa kifundo cha mguu. Kimoja hutuma mwanga usioonekana, kingine huupokea, na kikiuona huwasha kitaa cha kijani ubavuni mwake. Paka au mtoto akiukatiza, mlango unaoshuka husita na kurudi juu. Mzee aliwaeleza wateja hayo mpaka sauti ikamkauka. Lakini mlango wake mwenyewe ulipogoma kujifunga, naye akashindwa kuyaelekeza macho yatazamane, alifanya lile alilokuwa akiwagombeza watu kwa ajili yake: akayang'oa yote mawili, akayafunga kwa utepe uso kwa uso, akayatundika juu karibu na mota. Yakawa yanaonana yenyewe kwa yenyewe, na mlango ukawa unajifunga bila kuuliza.

Mganga hajigangi. Mlango uliishukia baiskeli ya mjukuu, ile ya magurudumu matatu, ukaukunja usukani. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameshuka.

Tangu hapo binti yake hakumleta tena mtoto. Leo alikuwa anakuja na sharti moja: akikuta macho yamerudi mahali pake na mlango una adabu, baba atabaki nyumbani kwake mwenyewe. La sivyo, binti atamchukua wakaishi wote kwake ghorofani.

"Ghorofani!" mzee akasema. "Nipandishwe kwa lifti kama gunia la saruji. Vuta uzi, ukaze."

Macho alikwisha kuyarudisha kwenye vishikio vyake. Sasa aliyafuta vioo kwa pindo la shati, akalegeza skrubu, akaanza kulizungusha lile la kupokea taratibu, kidole kikiufuata uzi. Mikono ilijua njia. Ajabu ni kwamba uso aliuelekeza kwa mfasiri.

"Taa inasemaje?"

"Imezimika."

"Na sasa?"

"Kijani. Lakini inapepesa."

"Ikipepesa inaona nusu. Wewe si mjuzi wa lugha? Haya, nitafsirie hii."

Mfasiri akamtazama vizuri. "Mzee, taa hii huioni?"

Mzee akaigeuzageuza bisibisi mkononi. "Presha ya macho," akasema. "Daktari kasema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinaaga. Binti yangu hajui. Tuendelee."

Wakaendelea, mpaka taa ikatulia. Wakafungua uzi, wakaweka ndoo mlangoni. Mlango ukashuka, ukasita, ukarudi juu. Mzee akacheka peke yake.

Binti alifika jua likiwa bado kali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Jaribu mwenyewe, usije ukasema nimekuroga."

Akaweka mkoba wake sakafuni katikati ya macho, akabonyeza kitufe. Mlango ukaukaribia, ukarudi juu.

"Nani kazeeka hapa?" mzee akauliza, mikono kiunoni.

"Mimi, baba," binti akasema huku akicheka, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akainama kuuchukua mkoba. "Na taa inawaka sawasawa?"

"Kijani, mama. Imetulia kama maji ya mtungini."

Mfasiri akaiona: taa ilikuwa imezima. Gauni la binti lilikuwa limekatiza mwanga. Binti naye aliiona. Akasogea, ikawaka. Akarudi palepale, ikazima.

"Na sasa, baba?"

"Si nimekwambia? Kijani."

Binti hakucheka tena. "Tangu lini, baba?"

Mzee akageuza kichwa kumtafuta mfasiri.

"Mlango umepona," mzee akasema. "Si ulisema mlango?"

"Nilisema mlango. Sikujua." Akakaa juu ya ile ndoo, akafunika uso. "Na jiko la gesi unaliwashaje, baba? Na barabara unaivukaje?"

"Kwa kuzoea."

"Kwa kuzoea," binti akarudia, akilia.

Mzee hakubishana. Hilo ndilo lililomchoma mfasiri, angalau angebisha. Walipakia nguo, redio na godoro. Binti alisema sanduku la vifaa halina kazi ghorofani, kisha akalipakia vilevile.

Gari lilirudi nyuma polepole hadi barabarani. Mzee akateremsha kioo, akatoa mkono, akapunga kuelekea kwenye nguzo ya geti, pasipo na mtu. Mfasiri alikuwa amesimama upande wa pili. Akapunga naye, akijua ni kazi bure.