Majibu ya Shangazi

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi yangu, mkulima wa zabibu wa Mkonze, hospitali kusikiliza majibu ya vipimo. Daktari, kijana mpole, alinigeukia mimi na kushusha sauti: "Ni ugonjwa wa kusahau. Mama tusimwambie, atakata tamaa." Nami, msomi mzima, nikaitikia kwa kichwa.

Shangazi akagonga meza kwa kidole. "Mwanangu, kichwa ni changu. Mbona majibu unampa yeye?"

Daktari akasogeza kiti hadi karibu naye, akaanza upya. "Shikamoo, mama. Ubongo wako unaugua. Utazidi kusahau, polepole. Dawa ya kuuponya hatuna, ila za kukusaidia zipo."

"Marahaba. Na mizabibu yangu? Nitasahau kuipogolea matawi?"

"Huenda, siku moja. Mfundishe mtu mapema."

Shangazi akavitazama vidole vyangu vya kalamu, akaguna. "Huyu? Basi nipe hizo dawa, nitahitaji muda."

Na tulitaka kumficha! Sasa kila Jumamosi niko shambani kwake na mkasi. Juzi aliniuliza jina langu mara mbili. Lakini nilipotaka kukata tawi nililodhani limekufa, alinidaka mkono.

"Hilo liache. Litazaa."