Video za mikutano zimefunguka, na sasa banataka nizifunge

Asubuhi biro yote, ofisi nzima, ilikuwa inanisumbua nifungue video. Saa sita, bantu balebale bananiomba nifunge.

Miye ndiye mwenye kuangalia kompyuta za biro yetu hapa Uvira. Tulihamia kwenye serva mpya, na video za mikutano ya zamani zikakataa kufunguka kwa kila mutu. Leo nimerudisha zote. Hata moja haikupotea. Kazi yangu naijua.

Mama Neema, sekretere wetu, akafungua wa kwanza. Akacheka, kisha akapunguza sauti haraka.

Munajua sisi: mukutano unaisha na maombi ya pasta. Tukisema Amina, shefu, mukubwa wetu mwenye kuingia mukutano kwa simu, anakata, na kwetu imekwisha. Lakini hakuna mwenye alizima kurekodi. Nyuma ya Amina iko sisi bote tunamusengenya shefu, kwa murefu kuliko mukutano wenyewe.

"Ndugu yangu," Mama Neema akaniambia pole pole, "weye funga tu kidogo."

Nikiwa nacheka bado, simu ikalia. Shefu, kutoka Katogota.

"Umefanya kazi muzuri. Niko naangalia video moja sasa hivi."

"Umefika wapi, shefu?"

"Pasta ndiyo anaanza maombi ya mwisho."

Nishaurini haraka: niseme Amina, ama nizime serva?