Simfonia ya Kuomba Rukhsa

Mimi hupiga viola, ile ndugu ya fidla iliyo kubwa kidogo na yenye sauti nzito kidogo, ambayo watu hawajui kama ipo mpaka inyamaze. Nimekaa nayo miaka mingi kwenye okestra hapa Maskati, na siku hizi nafundisha watoto. Nasema kwa uhakika ninapozungumzia muziki, na jamaa zangu wananiita mwalimu hata pale ambapo hawajaniuliza kitu.

Simfonia si kitu kigumu. Watu wanaogopa jina tu. Ile ya zama za kale za Vienna, karne ya kumi na nane ikielekea kwisha, kwa kawaida ina sehemu nne. Ya kwanza ni ya mabishano: unaletewa wazo moja, kisha jengine linalopingana nalo, yanavurugwa pamoja, halafu yanarudishwa nyumbani yakiwa yamepatana. Ya pili ni ya polepole. Ya tatu ni dansi ya watu waliovaa soksi ndefu na mawigi. Ya nne inakimbia kwenda kumaliza. Mtu aliyezoea kukaa kwenye taarab ya kizamani akasikiliza bashraf, ule upigaji wa ala bila ya mwimbaji, mpaka mwisho wake, basi ana masikio ya kutosha kwa simfonia. Nimewahi kumwambia hivyo mtaalamu mmoja wa Ulaya usoni kwake. Alikunywa maji, akabadilisha mazungumzo.

Watunzi wakubwa wa zama zile ni watatu, na mimi huwapanga kwa namna walivyoomba rukhsa. Wa kwanza alikuwa mwajiriwa wa bwana mkubwa mmoja, akivaa sare kama watumishi wengine wa nyumba ile, na ndiye aliyeipokea simfonia ikiwa changa akailea mpaka ikasimama. Huyu aliomba rukhsa kwa adabu. Wa pili, rafiki yake na mdogo kwake kwa umri, aligombana na askofu aliyemwajiri mpaka akatolewa kwa teke, na teke lilikuwa la kweli. Wa tatu, aliyekuja kuwa kiziwi, hakuomba rukhsa kwa mtu yeyote. Nyumbani kwetu mama ni wa namna ya kwanza. Bwana mkubwa ni kaka yangu. Mimi nipo upande wa yule wa tatu, ila masikio yangu mazima.

Mama alizaliwa Unguja, akaja huku na marehemu baba tukiwa watoto. Anaishi kwa kaka, na kaka anamtunza kama yai. Ana daktari wake, dawa zake zinapangwa kila wiki, na chumba chake kina baridi kuliko msikiti. Kitu kimoja tu alikuwa hapati. Mdogo wake, mama yetu mdogo, amebaki Unguja, mjane kama yeye, na miguu imemkataa, hawezi tena kusafiri. Kila alasiri walikuwa wakionana kwenye simu, wote wawili wakiikamata simu karibu mno, kila mmoja akimuona mwenzake paji la uso. Mama alitaka kwenda kukaa naye. Hakutaka matembezi ya wiki mbili, alitaka kukaa.

Kaka hakukataa hata siku moja. Kukataa ni kukosa adabu. Alisema inshallah, tungoje joto lipungue. Joto likapungua, akasema tungoje Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita, pakawa na vipimo vya presha, kisha mafundi wa jikoni, kisha joto likarudi. Mama alikuwa akijibu inshallah na kurudi chumbani kwake. Mimi nilikuwa nachemka. Niligombana na kaka zaidi ya mara moja, hata ofisini kwake karibu na kasri la Sultani nilimfuata, na kila mara nilitoka nikiwa nimenyweshwa kahawa nzuri na sikupata kitu.

Ndipo nikamkumbuka yule mtunzi wa kwanza. Bwana wake alikuwa na kasri la majira ya joto, mbali na mji, na mwaka mmoja akanogewa, hakutaka kurudi. Wapigaji wake walikuwa wamewaacha wake zao mjini na walikuwa wanateseka. Nani angemwambia bwana mkubwa? Mtunzi akaandika simfonia. Sehemu ya mwisho inaanza kwa mbio kama kawaida, mara mbio zinakatika, unakuja muziki wa polepole ambao hakuna aliyeutarajia. Wa zumari anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa wake, anaondoka. Wa baragumu naye. Mmoja mmoja, hivyo hivyo, mpaka zinabaki fidla mbili katika giza. Bwana mkubwa alifahamu. Nilisema kama mtu wa wigi alifahamu, kaka yangu mwenye shahada mbili atafahamu.

Ijumaa, baada ya swala na chakula, tukiwa sebuleni kwa kaka na matumbo yamejaa wali na samaki wa wavuvi wa Sidab, nikaiweka simfonia ile kwenye televisheni. Tulikuwa wanne: mama, kaka, wifi yangu na mimi. Kisa cha mshumaa sikukisimulia. Nilitaka kijiseme chenyewe. Kaka alisinzia sehemu ya pili, akaamka kwenye dansi. Mama alisikiliza sawasawa, kichwa kimeinama upande. Zilipokatika mbio za mwisho, nikaanza kumtazama kaka usoni.

Wa zumari akazima mshumaa wake akaondoka. Wa baragumu akamfuata. Kaka akasema hawa wazungu wana nidhamu, mtu akimaliza kazi anazima taa. Laiti na ofisini kwake wangefanya hivyo. Nilitamani kumrushia mto.

Aliyefahamu mambo kwa njia yake ni wifi yangu, na hakukusudia. Huyu ni mtoto wa Maskati, amekua katika nyumba isiyokatika wageni. Katika nyumba zetu mgeni haondoki hivi hivi. Mwenyeji huleta chetezo cha udi, watu wakajifukiza nguo, na hapo kila mmoja anajua kikao kimekwisha: hafukuzwi mtu, lakini hakai mtu. Basi wifi alipoona wale watu kwenye televisheni wanainuka mmoja mmoja, naye aliinuka. Mikono yake ilifanya kazi kabla ya akili. Nilimsikia jikoni akiwasha mkaa, na alirudi na chetezo kinafuka, akasimama katikati ya sebule, akatutazama, akagundua kuwa hakuna mgeni yeyote ndani ya nyumba. Tulicheka mpaka kaka akafuta machozi.

Mama hakucheka. Alinyosha mkono.

"Nipe mimi," alisema.

Alikichukua chetezo, akamfukiza kaka kwanza, mikono ya kanzu na kifua, kisha wifi, kisha mimi. Halafu akakiweka chini, akatandaza buibui lake juu ya moshi, akajifukiza na yeye, taratibu, kama mgeni.

"Mimi nishafukizwa," alimwambia kaka. "Nnakuomba rukhsa, baba."

Kaka alimwambia hapa ni kwake, na mtu haagi kwake. Mama akasema ni kweli, kwake ni hapa, na Mungu amlipe kheri, hajaona ila wema katika nyumba ile. Lakini mdogo wake yuko peke yake, na hataki kumuona kwenye simu mpaka siku ya kuambiwa kuwa hayupo tena.

Kaka alinigeukia. Alikuwa ameshafahamu, zumari na mshumaa na kila kitu. Akaniuliza yule bwana wao alifanya nini. Nikamwambia kesho yake aliamrisha watu wafunge mizigo, wakarudi makwao wote. Nililisema hilo kwa sauti ya mtu aliyeshinda, kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Kaka akasema jambo ambalo katika ugomvi wetu wote hakuwahi kuniambia.

"Nnaogopa hutorudi, mama."

"Huenda nisirudi," alisema mama. "Ndo maana nnataka kuaga sasa, nnapojua nnamuaga nani."

Kaka akachukua simu yake kukata tiketi. Tarehe ya kwenda haikumpa tabu, alitaja Jumatano, mama akaitikia. Ilipofika tarehe ya kurudi, alimuuliza kwa upole kabisa, kama anavyomuuliza dawa. Mama akamwambia asiandike kitu hapo. Kaka aliitazama simu, akabonyeza, akaiweka juu ya meza kifudifudi, akaenda kumbusu mama kichwani. Kwenye televisheni simfonia ilikuwa imeshakwisha zamani. Zile fidla mbili za mwisho, ambazo kwangu mimi ndizo zinazoibeba kazi yote, hakuna aliyezisikia.

Wifi alikuwa ameshaanza kupanga nini kiende kwenye sanduku: halua, tende, dawa za miezi mitatu. Mama akanigeukia kutaka kuniuliza kama Unguja sasa hivi kuna mvua, akanikuta nalia. Akashangaa. Akaniuliza nalilia nini, na hali hii safari ni mimi niliyeitaka kuliko mtu yeyote.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejishughulisha na kaka muda wote ule, namna ya kumbana na namna ya kumshinda, na sasa ameshindwa. Nikamtazama mama, buibui lake limejaa harufu ya udi, nikajua kwa mara ya kwanza kwamba rukhsa niliyompigania yeye ilikuwa ni ya kuniacha mimi.