Mama Aliyeulizia Sensa ya Kamera

Juzi, katika duka moja la vifaa vya umeme mjini Masasi, nilisubiri zamu nyuma ya mama mmoja mpiga picha za harusi kutoka Newala. Mbele yake palikuwa na kamera mbili.

"Ipi ina sensa kubwa?" akauliza.

Muuzaji akacheka. "Sensa si ilishapita, mama? Tulihesabiwa wote."

Mama hakucheka. Akaeleza taratibu kwamba anamaanisha kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Bibi harusi aliyempiga picha majuzi, kwenye chumba chenye taa hafifu, alitoka uso umejaa chenga, akalia.

"Chukua hii, megapikseli nyingi," muuzaji akasema, akigonga boksi kwa kidole.

"Mwanangu, sijauliza megapikseli."

"Lakini ni nyingi!"

Mama akavuta pazia la mlangoni kupunguza mwanga, akampiga muuzaji picha kwa kila kamera. Ile ya megapikseli nyingi ilimtoa chenga tupu. Nyingine ilionyesha hata kovu la kwenye paji. Akanunua hiyo, akaondoka.

Nikadhani somo limeingia. Nikaomba chaja ya simu. Muuzaji hakuuliza simu gani.

"Chukua hii," akasema. "Ina waya mrefu."